HAKI NAYO INA RATIBA YAKE



Siku chache zilizopita ndugu mmoja wa kwetu Migori alifika katika afisi ya tawi akiwa na faili kwapani. Alikuwa na furaha. Alitoa karatasi ya korti, akaiweka mezani, akasema: "Nimeshinda kesi. Sasa nataka chama kinirudishie kazi yangu."

Tuliisoma karatasi ile, na ni kweli alikuwa ameshinda. Mwajiri wake, ambaye hatutamtaja hapa, alidai kwamba aliiba mali ya stoo. Polisi walimkamata Ijumaa jioni, mwezi wa Machi 2020, naye akalala ndani mpaka Jumatano. Alipotoka kwa dhamana alikuta barua ya kufukuzwa kazi ikimngojea. Hakuna aliyemwita amweleze kosa lake, wala aliyemwuliza ana neno gani la kujitetea. Ndugu huyu akafikiri moyoni: "Nitamaliza kwanza kesi ya wizi, nisafishe jina langu, kisha nitadai kazi yangu." Kesi ikaahirishwa mara nyingi. Leo shahidi hayupo, kesho faili haionekani, kisha ugonjwa wa korona ukafunga mambo. Mwezi wa Julai 2023 hakimu akamwachilia, kwa sababu hapakuwa na ushahidi wowote.

Basi tulilazimika kumwambia habari mbaya. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi miaka 3 kupeleka madai yake mahakamani. Miaka hiyo yahesabiwa tangu siku ya kufukuzwa, si tangu siku ya kushinda kesi nyingine. Miaka yake 3 ilikwisha Machi 2023. Alikuwa amechelewa kwa miezi 4. Wala hili si jambo la kubahatisha, kwani mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kesi ya watu waliongoja hivyo hivyo mpaka kesi yao ya jinai ikaisha, ikasema kwamba muda wao ulikuwa umepita. Kuachiliwa katika korti ya jinai hakukuwarudishia siku walizopoteza.

Ndugu yule alinyamaza kitambo. Kisha akauliza swali moja tu: "Mbona hakuna aliyeniambia?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike maneno haya. Mwajiri alikosa, na tutasema hivyo bila kuogopa. Lakini chama nacho kilikosa. Mwenzetu alikaa miaka 3 na zaidi huku haki yake ikipungua siku kwa siku, na sisi tulikuwapo, tukikusanya ada na kufanya mikutano. Sisi watu wa reli twajua kwamba treni haimngojei abiria aliyekwenda kunywa chai. Haki nayo ina ratiba yake, na asiyeijua huachwa stesheni akiwa na tiketi halali mkononi.

KWA NINI TWAOGOPA KORTI

Ukimwuliza mfanyakazi wa Awendo, Rongo, Homa Bay au Isebania kwa nini hakwenda kortini, mara nyingi atajibu kwamba korti ni ya wenye pesa. Mwingine atasema kwamba ukienda kortini utatoka umefungwa. Wazee wetu walikuwa na methali: mwenye nguvu mpishe. Hofu hii haikuanguka kutoka mbinguni. Ina historia yake, na historia hiyo ilikuja pamoja na reli.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu Desemba 1901. Migori haikufika, bali meli za reli zilikuwa zikitia nanga Homa Bay, na vijana wetu wengi walipanda hapo kwenda kutafuta kazi. Waliolaza taruma za reli ile wengi wao walikuwa vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka Bara Hindi. Hesabu ya serikali yenyewe yasema walikuwa 31,983, na kati yao 2,493 walikufa kazini.

Kitu kingine kilikuja kutoka Bara Hindi wakati huo huo, wala hakionekani kwa macho. Mwaka 1897 Waingereza walitoa amri kwamba sheria za Bara Hindi zitumike katika nchi yao mpya ya Afrika ya Mashariki: sheria ya makosa ya jinai ya mwaka 1860, sheria ya ushahidi ya mwaka 1872, sheria ya mikataba ya mwaka 1872, na nyinginezo. Hata rufani zilivuka bahari kwenda kusikizwa Bombay, mpaka Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilipoundwa mwaka 1902. Sheria ile ya jinai ilitumika hapa mpaka 1930. Ile ya mikataba iliondolewa 1961, na ya ushahidi 1963. Sheria ya Bara Hindi ya kuhamisha mali, ya mwaka 1882, ilibaki ikitumika katika mambo ya ardhi ya Kenya mpaka mwaka 2012, karibu miaka 50 baada ya uhuru. India yenyewe iliiacha ile sheria ya jinai ya 1860 tarehe 1 Julai 2024 tu.

Lakini msikosee, ndugu. Twaziita sheria za Bara Hindi, lakini Wahindi hawakuzitunga. Zilitungwa na Waingereza ili kuwatawala Wahindi, kisha zikapakiwa melini zije kututawala na sisi. Mfanyakazi wa Punjab na mfanyakazi wa Nyanza walifungwa kwa kamba moja.

Juu ya hizo wakaongeza nyingine za hapa hapa. Mwaka 1906 ilitungwa sheria ya mabwana na watumishi. Kwa sheria hiyo mtu aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha hakuhesabiwa mdaiwa bali mkosaji, na aliweza kutozwa faini au kufungwa jela. Kisha kikaja kipande, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutumika sana baada ya Vita Kuu ya kwanza, na babu zetu wakakivaa shingoni. Babu aliyeingia kortini wakati ule aliingia akiwa mshitakiwa. Hakuwahi kuingia akiwa mdai. Basi alirudi nyumbani akawafundisha watoto wake kukimbia korti, nao wakatufundisha sisi. Alikuwa na sababu njema. Sisi hatuna tena sababu ile, ila mbio tumezirithi.

WALIOTANGULIA HAWAKUKIMBIA

Hata wakati ule walikuwapo watu waliosimama. Ndugu Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Kenya akiwa kijana, na baba yake alikuwa amefanya kazi katika reli. Mwaka 1935 Makhan Singh alishika uongozi wa chama cha wafanyakazi ambacho hakikubagua rangi. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, Nairobi, alisema waziwazi kwamba Afrika ya Mashariki ipewe uhuru. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Mei, alikamatwa pamoja na ndugu Fred Kubai, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh alizuiliwa kaskazini mwa nchi zaidi ya miaka 11, mpaka Oktoba 1961. Hivyo ndivyo ilivyo serikali inapoweza kumweka mtu ndani bila korti kuikataza.

Tena alikuwapo Bwana Chanan Singh. Huyu alifanya kazi katika reli kama sisi, akajisomea sheria akiwa mtu wa mshahara, akawa wakili, akawatetea wengi, na baada ya uhuru akawekwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya. Hatusemi kila fundi na kila karani awe jaji. Twasema tu kwamba sheria yaweza kusomwa na mtu ambaye mikono yake ina grisi.

BARUA ZA WANYONGE WA INDIA

Tutazame India tena, kwa kuwa tulianza nao chini ya kamba moja. Katiba yao ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1950. Inasema kwamba aliyekamatwa afikishwe kwa hakimu katika muda wa saa 24, na kwamba raia aweza kwenda moja kwa moja katika Mahakama Kuu Kabisa ya nchi kudai haki zake. Maneno ni mazuri. Hata hivyo miaka karibu 30 baadaye maskini wa jimbo la Bihar walikuwa jela bila kuhukumiwa, na wengine wao walikuwa wamekaa muda mrefu kuliko kifungo ambacho wangepewa kama wangekutwa na hatia. Habari zao ziliandikwa gazetini, wakili mmoja mwanamke, Bibi Kapila Hingorani, akazipeleka mahakamani, na mwaka 1979 mahakama ikaamuru watu hao waachiliwe. Ikasema kwamba kesi kusikizwa bila kukawia ni haki ya mtu, si hisani.

Mwaka 1982 ilitokea kesi ambayo yatuhusu sisi hasa. India ilikuwa ikijenga viwanja vya michezo ya Asia mjini Delhi. Mshahara wa chini wa kibarua ulikuwa rupia 9 na senti 25 kwa siku, lakini manyapara walikuwa wakikata rupia 1 kwa kila mtu kila siku, na kuitia mfukoni. Chama kimoja cha kutetea haki za watu kilimwandikia jaji barua. Hawakulipia makaratasi mengi, ilikuwa ni barua tu. Mahakama ikaipokea kama kesi, ikaamua kwamba kumfanyisha mtu kazi kwa malipo yaliyo chini ya mshahara wa sheria ni kazi ya kulazimishwa, nayo imekatazwa na katiba.

Mwaka 1986 Bwana D. K. Basu wa Bengali ya Magharibi aliandika barua nyingine kwa Jaji Mkuu juu ya watu waliokuwa wakifa mikononi mwa polisi. Mwaka 1996 mahakama ikatoa masharti juu ya kukamata watu: askari avae jina lake waziwazi, karatasi ya kukamatwa iandikwe mbele ya shahidi, jamaa wa mtu huyo waarifiwe, na daktari amtazame kila baada ya saa 48.

Hatusemi kwamba India ni peponi. Korti zao zina kesi zaidi ya milioni 40 zinazongoja, na maskini wao wengi bado wako rumande. Lakini kuna jambo moja la kujifunza. Sheria zilezile zilizotungwa kumfunga mnyonge zilianza kugeuka siku mnyonge, au chama chake, alipochukua kalamu.

SASA NI ZAMU YETU

Kenya tulipata Katiba mpya tarehe 27 Agosti 2010. Ndugu, katiba hii yasema mambo ambayo babu zetu hawakuyaota. Kifungu cha 22 chasema kila mtu ana haki ya kwenda mahakamani haki zake zikivunjwa, na aweza kwenda kwa niaba ya mwenzake asiyeweza, na kwamba hakuna ada ya kuanzisha kesi ya namna hiyo. Kanuni za mwaka 2013 zaruhusu mahakama kupokea hata barua au maneno ya mdomo. Kifungu cha 41 champa mfanyakazi haki ya malipo ya haki, hali njema ya kazi, kuingia katika chama, na kugoma. Yaani mlango ambao vibarua wa Delhi waliufungua kwa barua, kwetu umeandikwa katika katiba yenyewe.

Lakini kila mlango una saa yake. Kwa hiyo twaziandika hapa saa na siku ambazo kila mwanachama azikate na kuziweka mahali pamoja na kitambulisho chake.

Kwanza, saa 24. Ukikamatwa, lazima uambiwe mara moja sababu yake, kwa lugha unayoifahamu, iwe Kijaluo, Kikuria au Kiswahili. Una haki ya kunyamaza, na kuongea na wakili au mtu mwingine atakayekusaidia. Hupaswi kulazimishwa kukiri. Lazima ufikishwe kortini kabla saa 24 hazijapita. Saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, ufikishwe siku ya korti inayofuata. Sasa mwafahamu kwa nini watu wengi hukamatwa Ijumaa jioni. Mtu wa Ijumaa aweza kungoja mpaka Jumatatu, lakini si mpaka Jumatano kama ndugu yetu. Hapo sheria ilivunjwa, na aweza kudai fidia.

Pili, dhamana. Polisi wenyewe waweza kukuachilia kwa bondi kabla ya kufika kortini, na bondi ya polisi hailipiwi hata senti. Ukiambiwa utoe dhamana ya pesa taslimu, udai risiti. Pesa hiyo si faini wala si chai ya mtu. Ukihudhuria kesi yako mpaka mwisho, warudishiwa. Akina mama, hasa ninyi twawaomba mlishike neno hili, maana ninyi ndio mnaofika stesheni mkiwa na chakula na kuambiwa mrudi na pesa. Ulizeni jina la askari, ulizeni nambari iliyoandikwa katika kitabu cha OB, iandikeni. Tena katiba yasema kwamba kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6, mtu asiwekwe rumande kwa ajili yake.

Tatu, neno la kwanza mbele ya hakimu. Wenzetu wengi husema "nimekubali kosa" ili wamalize upesi warudi kazini. Ndugu, usikubali kosa ambalo hukulitenda. Faini utaimaliza siku ile, lakini rekodi itabaki kwa polisi, na siku utakapotakiwa cheti cha mwenendo mwema ili upate kazi nyingine, itakungojea. Kama huifahamu lugha ya korti, omba mkalimani. Ni haki yako bila malipo kwa kifungo cha 50. Kama kesi ni nzito na huna wakili, mwambie hakimu hivyo. Kuna sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2016, na kuna afisi ya serikali iliyoundwa kwa kazi hiyo.

Nne, kabla ya kufukuzwa. Hakuna mwajiri anayeruhusiwa kumfukuza mfanyakazi kwa kosa bila kumweleza kosa hilo na kumsikiza. Katika kusikizwa huko una haki ya kuwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama. Hata kama mwajiri asema kosa ni kubwa mno na wafukuzwa papo hapo, bado lazima usikizwe. Ukiitwa ndani peke yako, jibu kwa heshima: "Bwana, nangoja mwakilishi wangu." Jibu hilo si utovu wa adabu.

Tano, miezi 3 na miaka 3. Ukifukuzwa, miezi 3 ni muda wa kupeleka malalamiko yako kwa Ofisa wa Kazi. Miaka 3 ni muda wa mwisho wa kufika mahakamani. Usidhani kwamba mazungumzo na mwajiri, au kesi ya jinai, au ahadi ya "rudi wiki ijayo" yasimamisha saa. Fungua madai yako, hata kama kesi nyingine bado yaendelea. Ukishinda, mahakama yaweza kukupa fidia mpaka mishahara ya miezi 12, au kuamuru urudishwe kazini.

Sita, wapi pa kwenda. Mahakama ya Kazi ina cheo sawa na Mahakama Kuu, na kwetu upande huu hukaa Kisumu. Watu wengi wa Migori husema Kisumu ni mbali na nauli ni ghali. Basi jueni kwamba tangu mwaka 2018 mahakimu waliopewa mamlaka hayo waweza kusikiza kesi ya mfanyakazi ambaye mshahara wake wote hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Wengi wetu tumo katika hesabu hiyo. Ulizeni katika korti iliyo karibu nanyi, iwe Migori, Rongo, Kehancha, Homa Bay au Oyugis. Atakayeambiwa kwamba hapo hapana hakimu wa namna hiyo, asirudi nyumbani, aje tawini.

Saba, karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Weka barua ya kazi, karatasi za mshahara, barua za onyo, na kila risiti. Usitie sahihi karatasi yoyote inayosema "nimelipwa yote na sina dai tena" kabla mtu wa chama hajaisoma, kwa kuwa sahihi yako yaweza kukufunga mdomo mahakamani. Njaa ya mwezi mmoja imewafanya wengi wauze haki ya miaka 15.

LA CHAMA NA LA MWANACHAMA

Kuandika haya bila kutenda ni sawa na taa ya signali isiyo na mafuta. Kwa hiyo twaiomba kamati ya tawi ikubali mambo 3 katika mkutano ujao. Kila mahali pa kazi pawe na mwakilishi mmoja mwenye nakala ya Katiba na ya Sheria ya Kazi, aliyefundishwa kuzitumia. Kiwekwe kitabu cha siku, ambamo kila mwanachama aliyekamatwa au kufukuzwa ataandikwa siku ile ile, na katibu ahesabu miezi 3 na miaka 3 yake kama mkuu wa stesheni anavyohesabu treni. Na sehemu ya ada zetu itengwe kwa nauli na karatasi za kesi. Kama pesa zapatikana za kukodi mahema na vipaza sauti wakati wa uchaguzi wa chama, za kumpeleka mjane wa mfanyakazi kortini nazo zitapatikana.

Twajua wako wanachama watakaosema kwamba kazi ya chama ni mshahara, si kesi. Twawajibu hivi: mshahara ulioongezwa wafaa nini kwa mtu aliyefukuzwa bila kusikizwa? Na mwajiri ataogopaje kuvunja mapatano ikiwa ajua kwamba hatuna anayehesabu siku? Mgomo ni silaha yetu, nasi hatutaiweka chini. Lakini mgomo hauwezi kuitishwa kwa ajili ya kila mtu mmoja anayeonewa katika duka la nyuma huko Sori au Muhuru. Kalamu yaweza kumfikia.

Mwanachama naye ana wajibu. Umekamatwa, leta habari siku ile, usione aibu. Chama si baba mkwe. Sema kweli yote, hata ile inayokuumiza, kwani wakili aliyedanganywa na mteja wake huanguka mbele ya watu. Hudhuria kila siku ya kesi, kwa sababu anayekosa kufika hupoteza dhamana yake na hati ya kumkamata hutolewa. Na ukishindwa, uliza mara moja habari za rufani, maana rufani nayo ina siku zake, na katika kesi ya jinai siku hizo ni 14 tu.

Waajiri wanaosoma gazeti hili, nao twajua wamo, wasidhani kwamba twawachochea watu. Mwajiri anayesikiza kabla ya kufukuza hana la kuogopa katika maneno haya. Twamtaka afanye lile ambalo sheria imekwisha kumwambia.

Twarudi kwa ndugu yetu mwenye faili. Kazi yake hatuwezi kumrudishia. Tumemwandikia barua ya kudai cheti chake cha kazi, ambacho sheria yamlazimisha mwajiri kukitoa, ili apate kutafuta kazi kwingine. Ni kidogo mno kwa mtu aliyeonewa hivyo, nasi twaona haya kukiandika. Alipokuwa akiondoka tulimwuliza kama tungeweza kuieleza habari yake bila jina. Alisema: "Waelezeni. Pengine yuko mwingine aliyefukuzwa jana."

Ikiwa yuko, na asoma maneno haya, basi kwake leo ni siku ya pili. Aje tawini kabla ya kesho.

Umoja ni nguvu.